Chachu, njaa na mwanzo wa protini: namna jeni zinavyoongoza kazi ndani ya seli

Chachu tunayotia katika unga wa mkate na mandazi ni kiumbe hai. Ukichukua kijiko kimoja cha chachu kavu, umeshika mabilioni ya viumbe vidogo, na kila kimoja ni seli moja tu. Ukizitia katika maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo, zinaamka, zinakula, zinatoa hewa, na unga unaumuka. Wengine huiita hamira. Jina lake katika sayansi ni Saccharomyces cerevisiae.

Seli hiyo ndogo imetufundisha jambo ambalo lingekuwa gumu sana kulijua kwa kumpima mwanadamu. Imetuonyesha namna seli inavyojua mahali pa kuanza kutengeneza protini, na namna inavyojua wakati wa kupunguza kazi hiyo chakula kinapokuwa haba. Jeni zinazoongoza mambo hayo katika chachu zinafanana sana na zetu. Ndiyo maana yaliyoonekana katika chachu yalisaidia kuelewa ugonjwa mmoja mzito wa ubongo wa watoto.

Makala hii inaeleza jambo hilo polepole, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari na universite, walimu wa biolojia, wauguzi, na kila ndugu msomaji anayependa kuelewa mwili unavyofanya kazi.

Protini ni nini, na inatengenezwa wapi

Mwili wa kiumbe chochote umejengwa kwa protini. Misuli ni protini, na vimeng'enya vinavyosaga chakula ni protini. Hata kinachobeba oksijeni katika damu ni protini. Kila protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Ziko aina 20, na mpangilio wake ndio unaoamua protini itakuwa ya kazi gani.

Maagizo ya mpangilio huo yameandikwa katika ADN, ndani ya kiini cha seli. Kipande cha ADN chenye agizo moja kinaitwa jeni. Lakini ADN haitoki katika kiini. Seli hunakili agizo kwenye uzi mwembamba unaoitwa ARN-mjumbe, na uzi huo ndio unaotoka kwenda mahali pa kazi.

Mahali pa kazi ni ribosomu. Ribosomu ni mashine ndogo yenye sehemu mbili, moja ndogo na moja kubwa. Hushika uzi wa ARN-mjumbe na kuusoma herufi tatu kwa mara moja. Kila herufi tatu huitwa kodoni, na kila kodoni hutaja asidi amino moja. Asidi amino hizo huletwa na wabebaji wadogo wanaoitwa ARN-mbebaji. Kila mbebaji ana upande wa kushika mzigo wake na upande wa kutambua kodoni inayomhusu.

Kazi hii ni ghali. Seli ya chachu inayokua haraka ina ribosomu kama 200,000, na inatengeneza mpya kama 2,000 kila dakika. Hakuna jambo lingine linalokula nguvu nyingi hivyo ndani ya seli. Kwa hiyo seli haiwezi kuachia kazi ya protini iende ovyo. Inaiongoza, na mahali inapoiongoza zaidi ni mwanzoni, kabla mnyororo haujaanza kuungwa.

Mwanzo wa kazi, hatua kwa hatua

Kwa nini mwanzo una uzito huo? Uzi wa ARN-mjumbe hauanzi moja kwa moja na agizo. Kuna sehemu ya utangulizi kwanza, ambayo kwa kawaida haisomwi. Ribosomu ikianza mapema au ikichelewa hata kwa herufi moja, makundi yote ya herufi tatu yanayofuata yanavurugika, na protini inayotoka haina maana. Kwa hiyo seli inahitaji kupata mahali halisi pa kuanza. Mahali hapo kwa kawaida ni kodoni moja, AUG, inayotaja asidi amino iitwayo methionini.

Kazi hiyo haifanywi na ribosomu peke yake. Kuna protini nyingi zinazoisaidia, na wanasayansi huzitaja kwa herufi eIF pamoja na namba. Sisi tutaziita visaidizi vya mwanzo. Utaratibu wake kwa ufupi ni huu.

Kwanza, kisaidizi eIF2 kinashika ARN-mbebaji ya mwanzo, ile inayobeba methionini. Ili kufanya hivyo, eIF2 lazima iwe imeshika pia GTP, ambayo ni kama betri iliyojaa. Hao watatu, yaani eIF2, GTP na mbebaji, wanakwenda pamoja. Hapa tutawaita kundi la watatu.

Pili, kundi la watatu linapanda kwenye sehemu ndogo ya ribosomu, pamoja na visaidizi eIF1, eIF1A, eIF3 na eIF5.

Tatu, visaidizi vingine vinavyoitwa eIF4 vinashika kichwa cha uzi wa ARN-mjumbe, ambacho kina kofia ya pekee, na kuileta sehemu ndogo ya ribosomu pale.

Nne, sehemu ndogo inaanza kutembea juu ya uzi kutoka kichwani, ikikagua herufi, mpaka mbebaji akutane na AUG inayolingana naye.

Tano, hapo inasimama. eIF1 inatoka, GTP inatumika na kuwa GDP, yaani betri iliyoisha, na eIF2 inaachia mbebaji wake. Sehemu kubwa ya ribosomu inakuja kuungana na ile ndogo, na mnyororo wa protini unaanza.

Imebaki hatua moja ambayo ni rahisi kuisahau, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote katika habari yetu. eIF2 imetoka ikiwa na betri iliyoisha, na haiwezi kubeba tena mpaka ibadilishiwe. Anayebadilisha betri hiyo ni kisaidizi kingine kiitwacho eIF2B. eIF2B ikilegea, eIF2 zinabaki zimesimama bila nguvu, kundi la watatu linakuwa haba, na kazi ya protini inapungua katika seli nzima.

Kwa nini chachu ilichaguliwa

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wataalamu walihangaika na chachu, wakati wanaotafuta afya ni watu. Sababu ni tatu.

Chachu inakua haraka. Katika chakula kizuri seli moja inakuwa mbili kwa muda wa kama dakika 90, kwa hiyo mtafiti anaona vizazi vingi kwa siku chache. Tena seli ya chachu ina kiini kama seli yetu, na mashine yake ya protini imejengwa kwa mpango mmoja na wetu. Bakteria hawako hivyo.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Chachu inaweza kuishi ikiwa na nakala moja tu ya kila jeni. Sisi tuna nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na moja ikiharibika mara nyingi nyingine inaficha kosa. Katika chachu yenye nakala moja, kosa linaonekana mara moja. Baadaye mtafiti anaweza kuikutanisha na chachu nyingine ya jinsia tofauti, maana chachu nayo ina jinsia mbili, na kufuata kosa lile linavyorithiwa.

Mwaka 1978 Gerald Fink na wenzake katika universite ya Cornell, Marekani, walifaulu kuingiza ADN kutoka nje ndani ya chachu. Tangu hapo mtafiti akaweza kuondoa jeni anayotaka au kuibadilisha herufi moja. Na mwaka 1996 chachu ikawa kiumbe cha kwanza chenye kiini ambacho ADN yake yote ilisomwa. Ilionekana ina jeni kama 6,000 katika kromosomu 16. Kazi hiyo ilifanywa na wanasayansi zaidi ya 600 wa nchi nyingi, wakiongozwa na André Goffeau wa Louvain-la-Neuve, Ubelgiji.

Chachu iliyoshindwa kuanza

Njia ya wataalamu wa jeni ni kutafuta kiumbe chenye kasoro, kisha kuuliza ni nini kilichoharibika. Ni sawa na fundi anayejifunza injini kwa kutengeneza zile zilizokufa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Leland Hartwell, Mmarekani, alikusanya chachu ambazo zilikua vizuri kwa joto la digrii 23 lakini zilisimama kwa digrii 36. Kila moja ilikuwa na jeni fulani ambayo protini yake haikuvumilia joto. Mwaka 1969 yeye na Calvin McLaughlin walieleza moja ya hizo. Walipoipandisha joto, ribosomu zilizokuwa tayari kazini zilimaliza minyororo yao, lakini hazikuanza mipya. Nyuzi za ARN-mjumbe, ambazo kwa kawaida hubeba ribosomu nyingi zikifuatana, zikabaki tupu.

Hiyo ilionyesha kwamba kuanza na kuendelea ni kazi mbili tofauti, na kwamba kuanza kuna jeni zake. Jeni ile ikaitwa PRT1, na baadaye ikajulikana kwamba hutoa sehemu moja ya kisaidizi eIF3. Hartwell alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kazi yake nyingine juu ya namna seli zinavyogawanyika.

Namna AUG inavyotambuliwa

Swali lililofuata lilikuwa hili: ribosomu inajuaje mahali pa kuanza?

Katika universite ya Rochester, Fred Sherman na John Stewart walichunguza protini ya chachu iitwayo sitokromu c, inayohusika na upumuaji wa seli. Walitafuta chachu ambazo hazikuweza kuitengeneza kwa sababu AUG ya mwanzo ilikuwa imeharibika. Kisha wakatafuta wachache kati ya hizo waliopona wenyewe. Mwaka 1971 walitangaza walichokiona. Baadhi ya zilizopona zilikuwa na protini yenye asidi amino zilizoongezeka au kupungua mwanzoni. Maana yake, AUG mpya ilikuwa imetokea mahali pengine, na ribosomu ikaanzia hapo bila shida. Mwaka 1980 walionyesha kwamba AUG ilifanya kazi mahali mbalimbali katika eneo la herufi 37.

Jambo hilo liliafikiana na wazo ambalo Marilyn Kozak alilitoa mwaka 1978, kwamba sehemu ndogo ya ribosomu inaingia kwenye kichwa cha uzi na kutembea mpaka ikutane na AUG ya kwanza.

Lakini ni nani anayeitambua AUG? Thomas Donahue na wanafunzi wake walitega mtego wa akili. Walichukua jeni HIS4, ambayo chachu inaihitaji ili itengeneze asidi amino iitwayo histidini, wakabadilisha AUG yake kuwa AUU. Chachu hiyo haikuweza kukua bila kupewa histidini. Wakaiweka kwenye chakula kisicho na histidini, wakangoja kuona kama kuna yoyote itakayokua. Zikatokea chache.

Katika hizo, jeni HIS4 ilikuwa bado na kosa lake. Kilichobadilika kilikuwa mahali pengine, katika mashine yenyewe. Ribosomu zilikuwa zimekuwa legevu, zikakubali kuanzia kwenye kodoni UUG iliyo ya tatu katika jeni ile, ingawa siyo AUG. Jeni zilizohusika ziliitwa SUI1, SUI2 na SUI3. Tangu mwaka 1988 na kuendelea ilijulikana moja baada ya nyingine kwamba SUI2 na SUI3 hutoa sehemu mbili za eIF2, na SUI1 hutoa eIF1. Yaani visaidizi hivi vinamleta mbebaji, tena vinalinda mlango. Vikiwa vizima, ribosomu haikubali kodoni isiyo sahihi kwa urahisi.

Mwaka huo huo wa 1988 walifanya jaribio lingine. Walimbadilisha mbebaji wa mwanzo katika upande wake wa kutambua, ili alingane na kodoni AGG badala ya AUG. Ribosomu ikaanzia kwenye AGG. Basi ikawa wazi kwamba mbebaji ndiye anayetambua alama, na visaidizi vinahakikisha kwamba hakosei.

Seli inapokuwa na njaa: jeni GCN4

Sasa tunafika kwenye habari inayojulikana kuliko zote katika eneo hili. Chachu ikikosa asidi amino hata moja, inafanya mambo mawili yanayoonekana kupingana. Inapunguza utengenezaji wa protini kwa jumla. Wakati uleule inaongeza utengenezaji wa protini moja iitwayo GCN4. Protini hiyo inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kutengeneza asidi amino, ili upungufu uishe. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba GCN4 inagusa jeni mia kadhaa.

Mwili mzima ukipunguza kazi, inawezekanaje protini moja iongezeke? Alan Hinnebusch alianza kulifuata swali hili akiwa na Gerald Fink, kisha akaendelea kwa miaka mingi katika taasisi ya afya ya taifa huko Bethesda, Marekani. Mwaka 1984 yeye, na kwa upande mwingine kundi la George Thireos, walionyesha kwamba siri iko katika utangulizi wa ARN-mjumbe ya GCN4. Utangulizi huo ni mrefu, karibu herufi 600, na ndani yake kuna AUG nne ndogo kabla ya ile ya GCN4 yenyewe. Kila moja ya hizo nne inaanzisha kipande kifupi sana cha kodoni mbili au tatu, kisha kinaishia hapo. Wataalamu walipoziondoa zote nne, chachu ilitengeneza GCN4 wakati wote, hata ikiwa imeshiba. Basi vile vipande vidogo ni kizuizi.

Kizuizi hicho kinafanya kazi hivi. Ribosomu inakutana na AUG ndogo ya kwanza, inasoma kile kipande kifupi, inamaliza. Kwa kawaida ribosomu ikimaliza inaacha uzi, lakini hapa sehemu ndogo za ribosomu nyingi zinabaki juu ya uzi na kuendelea kutembea. Zinatembea bila kundi la watatu, maana lile la kwanza limekwisha kutumika. Bila kundi hilo haziwezi kutambua AUG yoyote. Lazima zipate jingine njiani.

Seli ikiwa imeshiba, makundi ya watatu ni mengi. Ribosomu inapata jingine haraka, kabla haijafika AUG ndogo ya nne. Inaanzia hapo, inasoma kipande kile kifupi, kisha inaanguka kutoka kwenye uzi. Haifiki kwenye GCN4.

Seli ikiwa na njaa, makundi ya watatu ni machache. Ribosomu inachelewa kulipata. Inapita AUG ndogo ya nne bila kuiona, inaendelea kutembea, na inapata kundi la watatu baada ya hapo, ikiwa karibu na AUG ya GCN4. Inaanzia hapo, na GCN4 inatengenezwa. Kile kile kinachozuia protini nyingine ndicho kinachofungua njia kwa GCN4.

Maelezo haya yalipimwa. Watafiti walipoisogeza AUG ndogo ya nne mbali zaidi na ya kwanza, ribosomu zilipata muda wa kutosha hata wakati wa njaa, nazo zikaanzia hapo badala ya kupita. GCN4 ikabaki chini, kama ilivyotarajiwa.

Nani anapiga kengele ya njaa

Watafiti waligundua jeni nyingine kwa kukusanya chachu za aina mbili. Aina ya kwanza haikuweza kuwasha GCN4 hata ikiwa na njaa kali, na jeni zake zikaitwa GCN. Aina ya pili iliwasha GCN4 wakati wote, hata penye chakula tele, na ilikua polepole. Jeni zake zikaitwa GCD.

Kengele yenyewe ni protini GCN2. Asidi amino zikikosekana, wabebaji wanabaki bila mizigo. GCN2 inawashika hao wabebaji watupu, na kwa hiyo inajua kwamba kuna njaa. Ndipo inaweka alama ya fosfati juu ya eIF2, mahali pamoja tu, kwenye asidi amino ya 51 ya sehemu moja ya eIF2. Mwaka 1992 Thomas Dever, Hinnebusch na wenzao walionyesha kwamba mahali hapo pakibadilishwa ili pasipokee alama, chachu haiwezi tena kuwasha GCN4.

Alama hiyo inafanya nini? eIF2 yenye alama inaing'ang'ania eIF2B, ile inayobadilisha betri, na kuizuia isihudumie eIF2 nyingine. Kwa kuwa eIF2B ni chache kuliko eIF2, alama kwenye eIF2 chache tu zinatosha kupunguza kazi katika seli nzima. Zile jeni za GCD, zilizosumbua watafiti kwa miaka, nyingi zikaonekana kuwa ndizo jeni za eIF2B. Kisaidizi hicho kina sehemu tano: GCN3, GCD7, GCD1, GCD2 na GCD6.

Kutoka chachu mpaka kwa mtoto mgonjwa

Sisi wanadamu tuna GCN2 pia, pamoja na ndugu zake watatu. Wote wanne wanaweka alama ileile juu ya eIF2, ila kila mmoja anasikiliza shida yake. GCN2 inasikia njaa ya asidi amino. PKR inasikia virusi vilivyoingia ndani ya seli. HRI inasikia upungufu wa hemu, kile kinachobeba chuma katika seli nyekundu za damu. PERK inasikia protini zilizokunjwa vibaya. Mwaka 1993 Dever na wenzake waliweka PKR na HRI za wanyama ndani ya chachu isiyo na GCN2, nazo zikaweza kushika nafasi yake. Hata GCN4 ina mwenzake katika mwili wetu, iitwayo ATF4, ambayo nayo ina vipande vidogo vya kuzuia katika utangulizi wake.

Miaka ya 1990 madaktari walikuwa wameeleza ugonjwa wa nadra wa watoto. Mtoto anazaliwa mzima na kukua vizuri. Kisha, mara nyingi kati ya miaka miwili na sita, anaanza kuyumba anapotembea. Baada ya homa ya kawaida, au kugonga kichwa kidogo, au hata kushtuka sana, anaanguka vibaya, na mara nyingine hapati tena nguvu alizokuwa nazo. Picha za ubongo zinaonyesha sehemu nyeupe, ile inayofunika nyaya za neva, ikiyeyuka polepole. Marjo van der Knaap wa Amsterdam ni mmoja wa waliouchunguza zaidi.

Mwaka 2001 kundi lake lilipata chanzo katika jeni za eIF2B. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba kosa katika yoyote ya jeni zake tano linaweza kuleta ugonjwa huo. Ilikuwa mashine ileile ambayo wataalamu wa chachu walikuwa wameisoma kwa miaka 20. Mwaka 2004 Graham Pavitt na wenzake wa Manchester, Uingereza, waliweka makosa ya wagonjwa katika jeni za chachu, wakaona eIF2B ikishindwa kujengwa vizuri au ikifanya kazi kwa ulegevu.

Kwa hiyo tunaelewa kwa sehemu kwa nini homa inamwangusha mtoto kama huyo. Homa ni shida inayodai seli ipunguze na kuongoza upya kazi zake. Seli yenye eIF2B dhaifu tayari iko karibu na ukingo, haina akiba ya kuvumilia. Mwaka 2013 maabara ya Peter Walter, huko San Francisco, ilitangaza dawa ya majaribio iitwayo ISRIB, ambayo baadaye ilionekana inashika sehemu za eIF2B pamoja na kuitia nguvu. Bado hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya ugonjwa huu. Madaktari wanashauri kutibu homa mapema na kumlinda mtoto asigonge kichwa.

Hapa kuna neno kwa familia na kwa wale wanaozitembelea. Ugonjwa huu unarithiwa kwa njia iliyofichika. Baba ni mzima, mama ni mzima, lakini kila mmoja anabeba nakala moja yenye kosa bila kujua. Kwa kila mimba, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atapokea nakala zote mbili. Watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kuugua, na wa jirani wasiugue. Mambo kama haya yakitokea ghafla baada ya homa au kushtuka, ni rahisi watu kumtafuta mwenye lawama: mama mkwe, mke mwenza, jirani, au mtoto mwenyewe. Hakuna aliyeroga. Ni herufi moja au mbili katika jeni, na herufi hizo hakuna mzazi aliyezichagua. Ugonjwa huu ni wa nadra, na homa nyingi za watoto wetu zinatokana na malaria na maambukizo mengine. Hizo nazo zinataka kituo cha afya mapema.

Tofauti yetu na chachu: sahani ya chakula

Kuna jambo moja ambalo chachu inatupita. GCN4 inapowasha jeni, chachu inaweza kujitengenezea asidi amino zote 20. Sisi hatuwezi. Asidi amino tisa tumepoteza jeni za kuzitengeneza, na lazima zitoke katika chakula. Kengele ya njaa tunayo, lakini kwa hizo tisa hatuna kiwanda cha kuitikia.

Ndiyo sababu sahani ina maana. Muhogo una protini kidogo sana. Mahindi yana protini, lakini yana upungufu wa lisini na triptofani. Maharagi yana lisini ya kutosha, ila methionini yake ni kidogo, na hiyo mahindi yanasaidia kuijaza. Ugali wa mahindi pamoja na maharagi unafunika pengo la kila upande kuliko kimoja peke yake. Ukiongeza sambaza, ndagala, yai au karanga, mtoto anapata zaidi. Mama zetu waliochanganya mahindi na maharagi katika chungu kimoja walifanya jambo ambalo seli inalihitaji.

Kwa ufupi

Kazi ya protini inaongozwa zaidi mwanzoni, ribosomu inapotafuta AUG.

Visaidizi eIF1, eIF2 na wenzao vinaleta mbebaji wa mwanzo na kulinda usahihi wa mahali pa kuanzia. Jeni zao zilijulikana kupitia chachu zenye kasoro.

Wakati wa njaa, GCN2 inaweka alama juu ya eIF2, eIF2B inazuiwa, na kazi ya jumla inapungua. Kwa sababu ya vipande vinne vidogo katika utangulizi wake, GCN4 peke yake inapata nafasi, na inaleta msaada.

Kwa mwanadamu mpango ni uleule kwa sehemu kubwa. Jeni za eIF2B zikiwa na kosa, ubongo wa mtoto unaweza kuumia baada ya homa.

Chachu inajitengenezea asidi amino zote. Sisi tunategemea chakula kwa tisa kati yake.

Mwalimu anayetaka kuonyesha somo hili darasani anaweza kuanza na vitu vya jikoni: vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, sukari katika kimoja, na chachu kidogo katika vyote viwili. Baada ya nusu saa wanafunzi wataona povu katika kile chenye sukari, na katika kile kingine kidogo sana au hakuna. Povu hilo linatokana na chachu kula sukari, si protini zenyewe. Lakini linawaonyesha kwamba chachu ni hai na inahisi tofauti ya kushiba na kukosa. Hapo mwalimu anaweza kuuliza seli inafanya nini ndani yake inapokosa, na somo likaendelea.